Ardhi Iliyokataa Kutulia

Meli ilifunga gati Funafuti, kisiwa kikuu cha Tuvalu, asubuhi, na Valisi alipotia mguu chini, saruji ya gati ikamwinukia kama kitu chenye uhai. Akashika kamba, akangoja. Kila anayetoka visiwa vya kaskazini hushuka hivyo, anapepesuka, na wapakuaji mizigo hawakosi la kusema.

"Mama Losa, bahari yenyewe umeibeba kwenye begi?" mmoja akampigia kelele.

"Nimekuletea wewe," akajibu. "Naona hujaoga tangu niondoke."

Wakaangua kicheko, naye akacheka. Hakuwa amecheka tangu amzike mama yake.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Funafuti na uvimbe wa tumbo. Madaktari waliposema hawana tena la kufanya, bibi kizee yule alimshika binti yake mkono akamwambia, "Nipeleke Niutao. Hapa nimekuwa mgeni miaka yote, sitaki na kaburini niwe mgeni." Niutao, kisiwa alikozaliwa huko kaskazini, hakuna ndege inayotua. Ikabidi meli. Chumba cha chini kilinuka dizeli, mama akawa anatapika, kwa hiyo Valisi akamtandikia mkeka juu kwenye sitaha, chini ya turubai, akakaa yeye ameegemea ukuta wa chuma, kichwa cha mama kwenye mapaja yake. Bahari ilikuwa mbaya safari ile. Meli ilipolalia kushoto, Valisi alijivuta kulia. Ilipolalia kulia, akajirudisha. Alifanya hivyo mchana kutwa na usiku kucha, akisinzia bila kulala, maana akijiachia kidogo tu shingo ya mama ilipinda na mama akaguna kwa maumivu.

"Mwanangu umegeuka godoro," mama alimwambia mara moja, macho amefumba.

"Godoro lenye mifupa," Valisi akasema.

"Linanifaa."

Walifika. Mama akaishi siku chache nyumbani kwa kaka yake, akanywa tembo tamu la mnazi kwa kijiko, akafa akiwa amezungukwa na watu waliomjua tangu alipokuwa msichana. Valisi akarudi na meli ileile. Hakutafuta pa kulala. Alikwenda kukaa palepale kwenye sitaha, ameegemea ukuta uleule wa chuma, na mwili wake ukaendelea kwenda kulia na kushoto kana kwamba kichwa cha mama bado kipo mapajani.

Usiku wa kwanza nyumbani mkeka ulimpeleka huku na huku. Akajiambia kesho itakwisha. Kesho haikwisha. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na ardhi bado inapanda na kushuka chini yake, polepole, bila kuchoka. Akitembea kulikuwa na nafuu. Akisimama kulikuwa na shida. Akilala ndiyo ilikuwa balaa, kwa sababu hapo hapakuwa na chochote cha kumshughulisha ila wimbi.

Kazi yake ilikuwa kupima mizigo uwanja wa ndege. King'ora cha kutangaza ndege kikilia watoto wanaondolewa kwenye njia ya ndege na mbwa wanafukuzwa, na watu wanapanga foleni mbele ya mizani yake na masanduku ya samaki wa barafu na magunia ya magimbi ya pulaka ya kupelekea ndugu zao Suva, Fiji. Sasa alipima huku kiuno amekibana kwenye meza ili asionekane anayumba. Mjumbe mmoja wa kanisa alimtazama akiwa ameegemea vile, akanusa hewa kidogo kama anayetafuta harufu ya pombe, akadhani hakuonekana.

Alikwenda hospitali. Daktari kijana akamulika masikio yake. "Safi kabisa," akasema. "Presha nzuri. Sukari nzuri. Umefiwa, sivyo?"

"Nimefiwa."

"Basi ni huzuni hiyo, mama. Nitakupa vidonge vya kichefuchefu."

Losa, mwanawe aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee Auckland, alisema hivyohivyo kwenye simu. "Mama, ni huzuni. Ongea na watu. Usikae peke yako."

"Nikae na nani?" Valisi akamuuliza. Halikuwa swali la lawama. Mume alikuwa baharia kwenye meli za Wajerumani, akafa ng'ambo akazikwa hukohuko. Mama ndiye aliyebaki nyumbani, na kitanda chake kilikuwa bado ukumbini kwa sababu hapakuwa na wa kumsaidia kukitoa.

Tena hakuamini kuwa ni huzuni. Huzuni aliijua. Ilikaa kifuani, ilikuja akiona kikombe cha mama, ikaondoka, ikarudi. Hili jambo jingine lilikaa kwenye nyayo na ndani ya fuvu, na halikujali kama anamkumbuka mama au anamenya samaki. Lakini angemwelezaje mtu? Alipomwambia mke wa mchungaji kwamba sakafu ya kanisa inapanda na kushuka, mke wa mchungaji aliitazama sakafu, kisha akamtazama yeye, akamwambia atamwombea.

Kilichompa pumziko alikigundua bila kukitafuta. Siku moja msimamizi alimtuma apeleke kifurushi ncha ya kusini ya kisiwa. Akawasha pikipiki, akakata upepo mita chache, na ghafla ulimwengu ukasimama. Minazi ilisimama. Nyumba zilisimama. Kichwa chake kikawa kitupu na kitulivu kama zamani, na machozi yakamtoka yakapeperushwa masikioni. Alifika, akazima injini, akashusha mguu. Wimbi likarudi palepale.

Tangu hapo, kila akitoka kazini alipanda pikipiki. Funafuti ni ukanda mwembamba wa nchi, upande mmoja bahari, upande mwingine wangwa wa maji matulivu, na barabara moja tu ya maana. Alikwenda hadi mwisho wa kusini, akageuza, akaja hadi mwisho wa kaskazini penye jalala, akageuza tena. Watu waliokuwa wanacheza mpira kwenye njia ya ndege jioni walimwona akipita, akirudi, akipita. Kwenye kisiwa kidogo namna ile mtu hapiti mara nne bila kutafutiwa sababu.

Jirani yake alikuwa Temukisa, rafiki wa tangu shule, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyeoka mikate na kuiuza dirishani. Kila asubuhi Temukisa alimrushia Valisi mkate juu ya ua. Asubuhi moja mkate haukuja. Ya pili haukuja. Valisi akapita mbele ya dirisha, akamwamkia. Temukisa akavuta pazia.

Valisi akafikiri: hata yeye amechoka na kuyumba kwangu. Hakumlaumu. Akaanza kununua biskuti dukani, akazila amesimama nje nyuma ya nyumba, ambako hapakuwa na mtu wa kumwona akipepesuka. Jumapili akaacha kwenda chakula cha pamoja baada ya ibada. Wanawake wenzake walipopanga safu kwa ngoma ya fatele, wanaume wakaanza kulipiga sanduku la mbao, yeye alisema mguu unamuuma. Alikaa nje ya ukumbi akisikiliza. Mkono wake uliinuka wenyewe pale pa kuinuka, akaushusha.

Temukisa hakuwa mtu wa kuweka jambo moyoni muda mrefu. Jumamosi moja alitokea uani kwa Valisi, mikono imejaa unga, Valisi akiwa anaanika nguo.

"Pikipiki ina mafuta leo?" akauliza.

"Ina kidogo. Unataka kuazima?"

"Mimi? Niazime niende wapi? Mimi sina mtu jalalani."

Valisi akabaki na shuka mkononi. "Jalalani kuna nini?"

"Ee, uliza! Kuna mume wangu, kuna nini kingine? Sualo anaendesha lile tingatinga la takataka tangu asubuhi hadi jioni, na wewe kila jioni uko kule. Watu wote wanajua. Wanakuja kununua mkate wananitazama kwa huruma, shoga yangu. Kwa huruma! Mimi!"

"Temukisa."

"Usiniite. Kama ulimtaka ungenieleza tu, ningekufungia kwenye karatasi na soksi zake. Unajua anavyokoroma? Unajua?"

Valisi hakujua acheke au alie. "Sualo sijamwona hata sura," akasema. "Nafika pale nageuza tu."

"Unageuza. Mtu anakwenda jalalani kila siku kugeuza."

"Nikiendesha, inanyamaza."

"Nini inanyamaza?"

"Meli." Akalitupia shuka kambani. "Sijashuka, Temu. Tangu nimzike mama sijashuka. Nilikwambia, ukasema itakwisha. Haijakwisha hata saa moja. Hapa niliposimama na wewe, uani kwangu, nchi inakwenda hivi, na inarudi hivi. Nikiwa juu ya pikipiki tu ndiyo inaniacha. Nikifika mwisho wa barabara nitaachaje kugeuza? Barabara ni moja!"

Temukisa alimsogelea, akamtazama chini hadi juu, kama anayekagua kuku wa kununua. Kisha akaweka viganja vyake vya unga kwenye mabega ya Valisi.

"Simama," akasema. "Simama vizuri. Fumba macho."

Valisi akafumba. Nguo zilipigwa na upepo kwenye kamba. Muda ukapita.

"Mungu wangu," Temukisa akanong'ona. "Unakwenda. Unakwenda na kurudi. Ni kama nimeshika mlingoti." Akaondoa mikono, akaacha alama mbili za unga kwenye blauzi ya rafiki yake, akaziba mdomo. "Na mimi nimekunyima mkate."

Hapo ndipo Valisi alipolia hasa. Alikuwa ameshazoea kutoaminiwa, akawa hana silaha ya kumkabili mtu aliyemwamini.

Haukupita muda mrefu, kikaja kikundi cha madaktari wa masikio kutoka Fiji. Watoto wenye usaha masikioni walijaa ukumbi wa hospitali wakilia. Temukisa ndiye aliyempeleka Valisi, akampitisha kwenye foleni kwa kiwiko na sauti, hadi mbele ya daktari mwanamke wa makamo aliyeitwa Litiana, mchovu, miwani imeshuka puani.

Daktari Litiana alisikiliza habari yote bila kukatiza. Alimgeuza Valisi kichwa huku na huku, akamtazama macho yanavyocheza, akamtembeza kwenye mstari, akamsimamisha juu ya mto mnene. Mwishoni akauliza, "Ukiwa kwenye gari au pikipiki, unajisikiaje?"

Valisi na Temukisa wakatazamana.

"Vizuri," Valisi akasema. "Hapo tu."

Daktari akavua miwani, akaipangusa. "Basi naujua ugonjwa wako. Si wengi wanaoupata, na wengi wao ni wanawake wa umri wetu. Hujarukwa na akili."

Akachukua chupa ya maji iliyokuwa nusu, akaizungusha ghafla. Maji yakachelewa, kisha yakafuata. "Ndani ya sikio, nyuma kabisa, kuna vifereji vitatu vyembamba vilivyopinda kama pete, vimejaa maji. Ukigeuza kichwa, maji yanachelewa hivi, yanalaza vinyweleo vidogo, na vinyweleo vinapeleka habari: tumegeuka. Kando yake kuna vijiwe, vidogo kuliko mchanga, vinavyosema chini ni wapi. Macho yanaleta habari zao. Nyayo na shingo zinaleta zao. Ubongo unakaa katikati kama mzee wa baraza, unawasikiliza wote, halafu unaamua: tumesimama, au tunaanguka."

"Na wangu umeamua vibaya," Valisi akasema.

"Wako uliamua vizuri, kule melini. Bahari ilikuwa inakwenda na kurudi kwa mwendo mmoja, siku baada ya siku. Ubongo ukajifunza ule mwendo. Ukaanza kulijibu wimbi kabla halijafika, ndiyo maana baharia haanguki. Watu wengi wakishuka, siku mbili tatu ubongo unasahau. Wako haujasahau. Bado unajibu wimbi ambalo halipo, na wewe jibu hilo ndilo unalolisikia. Ukiwa kwenye pikipiki mwendo upo kweli, kwa hiyo hesabu inakubali."

"Mbona hausahau?"

"Hatujui yote. Uchovu unachangia. Kukosa usingizi. Ulilala melini?"

Valisi aliangalia mikono yake. "Nilikuwa nimemshika mama. Kila meli ikienda huku, mimi nilikwenda kule, asiumie shingo."

Daktari Litiana akarudisha miwani puani. Nje mtoto alikuwa anapiga mayowe. "Basi ulijifunza sana," akasema kwa sauti ya chini.

Hakumficha kitu. Kwa wengine ilikwisha yenyewe baada ya miezi, kwa wengine miaka, kwa wengine haikwisha. Asipande meli kwa sasa. Apunguze pikipiki, maana inamtuliza bila kumponya. Alale, atembee, asimame peku mchangani. Kulikuwa na tiba katika hospitali chache za nchi za mbali: mgonjwa anaketi mbele ya mistari inayopita polepole, na kichwa chake kinalazwa bega hili na bega lile kwa mwendo uleule wa wimbi lake, hadi ubongo ukubali kujifunza upya. "Sisi vyombo hivyo hatuna," akasema. "Ila mistari ni mistari."

Temukisa alishapata la kufanya. Jioni ileile alitoa shuka la mumewe lenye milia ya bluu na nyeupe, akalining'iniza kwenye kamba ukumbini kwa Valisi, akawa analivuta taratibu kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, huku Valisi ameketi kwenye kitanda cha mama akilaza kichwa kushoto, kulia, kushoto.

"Usipepese macho."

"Unavuta haraka."

"Navuta kama daktari alivyosema. Sualo ananiuliza shuka lake liko wapi, nimemwambia liko hospitali."

Walifanya hivyo kila alasiri, wiki nyingi. Siku nyingine Valisi alitapika. Siku nyingine hawakufanya, walikaa tu wakala mkate na samaki. Polepole wimbi lilipungua, kwanza likawa la wangwani badala ya bahari kuu, kisha likawa linapotea kwa saa moja, saa mbili, kabla ya kurudi. Pikipiki akawa anaipanda kwenda kazini tu. Kwenye safu ya fatele alirudi siku moja, nyuma kabisa, akashika ukuta kwa mkono mmoja.

Kisha jina la familia ya Temukisa likatoka kwenye kura ya bahati nasibu ya kuhamia Australia.

Temukisa alikuja kumwambia akilia na kucheka pamoja. Watoto watasoma. Sualo ataendesha tingatinga kubwa, la mshahara. Nyumba yao hapa maji ya chumvi yalikuwa yameshaanza kuchimbuka uani kila bahari inapojaa. Valisi alimkumbatia, akasema maneno yote ya kusema, na yalikuwa ya kweli.

"Shuka nakuachia," Temukisa akasema.

"Nani atalivuta?"

Temukisa akalitungua kambani, akaliweka juu ya kitanda cha mama.

Siku ya safari, king'ora kilipolia, Valisi alikuwa mizanini kama siku zote. Alipima masanduku yao moja moja, akabandika vitambulisho, akafunga kwa kamba begi lililopasuka zipu. Wote wanne walikuwa wamevikwa mataji ya maua hadi macho. Temukisa alimshika mabega juu ya mizani, palepale, foleni ikiwa nyuma yake.

"Simama vizuri," akasema. Akangoja. "Bado kidogo."

"Kidogo tu."

"Nenda ukalale, mwenzangu. Lala sana."

Ndege ikapaa, ikageuka juu ya wangwa, na watoto wakarudi kwenye njia ya ndege na mpira wao.

Lile shuka Valisi alilijaribu peke yake. Alilifunga kamba, akavuta kwa mguu, akashindwa kuvuta na kulaza kichwa kwa pamoja. Akalikunja. Kutembea hakuacha, alfajiri na jioni, peku, kutoka nyumbani hadi kanisani na kurudi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, wakati wa mvua. Alikuwa ameinama anaosha mchele kwenye sufuria, anamwaga maji meupe, na akaona maji yametulia. Akayatazama. Akaweka sufuria chini, akasimama wima katikati ya jikoni, mikono pembeni, akafumba macho. Akangoja wimbi. Alingoja kama mtu anayengoja hatua za mgeni anayemfahamu. Nchi ilikuwa imelala kimya chini ya nyayo zake, ngumu, baridi kidogo, haiendi popote.

Alidhani atafurahi, na alifurahi. Lakini chini ya furaha kikafunguka kitu kingine kilichomtisha. Mwili wake ulikuwa umeacha kumshika mama. Miezi yote hiyo, bila yeye kujua, mabega yake yalikuwa bado yanakinga shingo ya mama isipinde, na sasa yamelegea. Akaketi kwenye kile kitanda ukumbini, akamlilia mama yake kwa sauti, kama alivyopaswa kumlilia Niutao na hakuweza.

Baadaye alimpigia Losa, simu ikalia bila kupokewa, alikuwa kazini. Akampigia Temukisa. Alipokea katikati ya kelele, mashine na watu.

"Imeondoka," Valisi akasema.

"Nini? Sema kwa nguvu!"

"Meli imeondoka, Temu. Nimesimama."

Temukisa alipiga ukelele uliomfanya Valisi asogeze simu mbali na sikio. "Umepona! Jamani, amepona!" aliwaambia watu ambao hawakumjua Valisi wala lugha aliyoitumia. Kisha mtu akamwita, naye akasema mapumziko yamekwisha, akaahidi kupiga Jumapili.

Valisi akarudi jikoni. Akainjika mchele, akapunguza moto, akakaa mlangoni akitazama mvua ikipiga ua wa jirani, ambako wapangaji wapya bado hawajahamia. Wali ulipoiva alipakua sahani moja. Alasiri akaenda kwa mpwa wa mchungaji kumwomba aje na mwenzake wamsaidie kutoa kitanda.

"Leo, mama Losa?" yule kijana akauliza.

"Kesho," Valisi akasema. "Leo niache nikilalie."